BANTING, MBWA WA TORONTO NA SINDANO YA KISUKARI

Leo tuache siasa na mpira kidogo. Nataka nimzungumzie mtu aliyekufa zamani, mwaka 1941, lakini kazi yake ipo mpaka leo kwenye friji ya hospitali. Anaitwa Frederick Grant Banting, daktari wa Kanada, kiongozi wa kazi iliyotuletea insulini, ile sindano ya wagonjwa wa kisukari.

Mimi ni mtoto wa Nyamahanga, huku Kagera. Nilipokuwa mdogo watu walisema kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini, wanaokunywa chai yenye vijiko vitano vya sukari. Siku hizi hadithi hiyo imekufa yenyewe. Mkulima anacho, mwalimu anacho, na mtoto wa shule pia anacho. Vijana wakisikia habari za kisukari kwenye mtandao wanakutana na mbwa, sungura na panya wa maabara, halafu wanauliza: jamani, hawa wanyama wanahusikaje? Mtu wa kutupa jibu ni huyu Banting.

MTOTO WA MKULIMA

Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891, shambani karibu na mji mdogo wa Alliston, jimbo la Ontario. Baba yake alikuwa mkulima, na yeye alikuwa kitinda mimba katika watoto watano. Shuleni hakuwa kipanga. Alipoingia Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1910 kusoma masomo ya jumla, mwaka wa kwanza alifeli. Mwaka 1912 akahamia udaktari.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Alimaliza masomo Desemba 1916, kozi ikiwa imefupishwa kwa sababu jeshi lilihitaji madaktari. Kwa wanaopenda kulinganisha, huo ndio mwaka ambao Waingereza na Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani huku kwetu Biharamulo. Vita ilikuwa ile ile moja. Banting alipelekwa Ulaya, na mwaka 1918, karibu na mji wa Cambrai huko Ufaransa, kipande cha bomu kikampiga mkono wa kulia. Pamoja na jeraha hilo aliendelea kuwahudumia majeruhi wenzake kwa saa nyingi, na baadaye akapewa medali ya ushujaa.

Aliporudi Kanada alijifunza upasuaji wa mifupa kwenye hospitali ya watoto ya Toronto, lakini hakupata ajira ya kudumu. Akaenda mji mwingine wa Ontario unaoitwa London (siyo ule wa Uingereza), akanunua nyumba kwa mkopo na kufungua kliniki Julai 1920. Akakaa akisubiri wagonjwa, na karibu mwezi mzima ukapita hajaja hata mmoja. Mapato yake ya mwezi ule wa kwanza yalikuwa dola 4. Ndugu zangu mnaozunguka na bahasha za vyeti, mmemwona mwenzenu? Ana digrii, ana medali, na mfukoni hana kitu.

Ili apate hela ya kula akaanza kufundisha kwa muda katika chuo cha hapo mjini. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Oktoba 1920 alikuwa anaandaa somo kuhusu kongosho, akasoma makala ya daktari mmoja kuhusu kongosho ambalo mrija wake uliziba kwa jiwe. Usingizi ukakata. Saa nane za usiku akaamka na kuandika wazo lake kwenye daftari, mistari michache tu. Hata neno kisukari kwa Kiingereza alilikosea tahajia.

KONGOSHO NI NINI NA KWA NINI MBWA

Hapa tusimame kidogo ili twende pamoja. Kongosho ni kiungo laini kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Wanaofanya kazi machinjioni wanalijua. Lina kazi mbili. Kwanza linatoa maji makali ya kusaga chakula, ambayo hupita kwenye mrija kwenda utumbo mwembamba. Pili, ndani yake kuna vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika kama visiwa, ambavyo mwanafunzi Mjerumani aitwaye Paul Langerhans aliviona kwa darubini mwaka 1869. Kazi ya visiwa hivyo haikujulikana wakati ule.

Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, madaktari wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho lote. Mbwa akaanza kukojoa ovyo kila mara. Minkowski akapima mkojo, akakuta sukari tele. Mbwa aliyekuwa mzima amepata kisukari! Tangu siku hiyo ikajulikana kwamba kongosho lina kitu kinachodhibiti sukari mwilini, na ukilitoa ugonjwa unakuja.

Huyo ndiye mnyama wa mfano, kama wanasayansi wanavyomwita. Maana yake ni mnyama aliyepewa au aliyepata ugonjwa unaofanana na wa binadamu, ili utazame unavyokwenda na ujaribu dawa kwake kabla hujamgusa mtu. Mbwa alifaa kwa sababu ni mkubwa wa kutosha kupasuliwa, damu yake inatosha kupimwa mara nyingi, na mwili wake unatumia sukari kwa namna inayokaribiana na yetu.

Baada ya 1889 watu wengi walijaribu kukikamua kile kitu kutoka kwenye kongosho, wakashindwa. Wazo la Banting lilikuwa hivi: huenda yale maji makali ya kusaga chakula yanakiharibu wakati wa kukamua. Basi tufunge mrija wa kongosho la mbwa kwa uzi, tusubiri wiki kadhaa sehemu ya maji makali inyauke, visiwa vibaki, kisha tukamue.

KIANGAZI CHA 1921

Novemba 1920 Banting alikwenda Chuo Kikuu cha Toronto kumwona Profesa John Macleod, Mskoti aliyebobea kwenye mambo ya sukari mwilini. Macleod hakuvutiwa sana. Mbele yake alikuwa kijana wa karibu miaka 29 asiye na utafiti wowote wa maana. Hata hivyo alikubali kumpa chumba cha maabara, mbwa 10 na mwanafunzi msaidizi, Charles Best, aliyekuwa na umri wa miaka 22. Kazi ilianza Mei 1921. Macleod aliwaelekeza mwanzoni, kisha mwezi Juni akaenda kwao Uskoti likizo.

Jamani, kazi ilikuwa ngumu. Chumba kilikuwa na joto kali, na mbwa wengi wa kwanza walikufa kwa vidonda kuoza na kwa makosa ya upasuaji. Walipoisha, Banting na Best wakawa wananunua mbwa wa mtaani kwa dola moja mpaka tatu, bila kuuliza sana walikotoka. Banting hakuwa na mshahara, ikabidi auze gari lake.

Tarehe 30 Julai 1921 walimdunga mbwa namba 410 maji waliyoyakamua kutoka kwenye kongosho lililonyauka. Ndani ya saa moja sukari kwenye damu yake ikashuka kutoka 0.20 hadi 0.12 kwa vipimo vya wakati ule, yaani karibu nusu. Mbwa yule hakuishi muda mrefu, lakini jambo lilikuwa limeonekana. Wakarudia kwa mbwa wengine. Mmoja, namba 92, alirudisha nguvu na kuwa anawafuata maabara nzima. Miaka mingi baadaye Banting alisimulia kwamba mbwa huyo alipokufa alijitenga peke yake, kwa sababu machozi yalimtoka. Mwingine, namba 33, waliyemwita Marjorie, alidumu wiki kadhaa bila kongosho, mpaka mwisho wa Januari 1922.

Naandika hili kwa makusudi. Kuna watu mpaka leo wanaopinga kutumia wanyama maabara, na hata Toronto ya wakati ule walikuwepo. Hoja yao siyo ya kipuuzi, maana wale mbwa waliumia kweli. Ila huku upande wa pili kulikuwa na watoto. Kabla ya insulini mtoto akipata kisukari cha aina ya kwanza, yaani kile ambacho kongosho limeacha kabisa kutengeneza insulini, dawa iliyokuwepo ilikuwa kumnyima chakula ili aishi miezi kadhaa zaidi. Mtoto alibaki mifupa, na wengi walikufa ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Halafu kuna jambo la ajabu. Wazo la Banting la kufunga mrija halikuwa la lazima. Kufikia Desemba 1921 waligundua kwamba kongosho zima la ng'ombe kutoka machinjioni, likisafishwa kwa pombe kali, linatoa dawa ile ile. Kwa hiyo wazo lilikuwa na kasoro, lakini liliwafikisha. Sifa ya Banting ilikuwa ubishi. Alikataa kuacha.

SUNGURA, KISHA MTOTO

Dawa ilikuwa bado chafu. Desemba hiyo akaongezwa James Collip, mwanakemia. Yeye alitumia sungura. Aligundua kwamba hata sungura mzima ukimdunga dawa, sukari yake inashuka, na ukizidisha anapata degedege, ukimpa sukari anaamka. Kwa njia hiyo akaweza kupima nguvu ya kila chupa bila kupasua mbwa mpya. Mnaojidunga, zile uniti mnazozihesabu kwenye bomba la sindano zilianzia kwa sungura. Uniti ya kwanza ilikuwa kiasi cha dawa kinachoshusha sukari ya sungura mmoja mwenye njaa mpaka kiwango cha degedege. Baadaye vipimo vikabadilishwa na kuboreshwa.

Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, mwenye uzito wa kilo 29 hivi, alidungwa sindano ya kwanza kwenye hospitali ya Toronto. Haikwenda vizuri. Sukari ilishuka kidogo tu, na palipodungwa pakapata jipu. Collip akafanya kazi usiku na mchana kuisafisha dawa. Tarehe 23 Januari akadungwa tena, safari hii ikakubali, sukari kwenye mkojo ikakaribia kuisha. Leonard aliishi mpaka 1935. Mwingine, Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alifika kwa Banting Agosti 1922 akiwa na kilo kama 20 tu. Akaolewa, akazaa, akafariki 1981.

Jina insulini linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa, kwa ajili ya vile visiwa vya Langerhans.

SIFA, UGOMVI NA DOLA MOJA

Msidhani hawa jamaa waliishi kwa amani. Banting hakumwamini Macleod, akiona anataka kuchukua sifa. Na Collip inasimuliwa kwamba nusura wapigane mle mle maabara. Mwaka 1923 Tuzo ya Nobel ikatolewa kwa Banting na Macleod. Banting alikasirika kwamba Best ameachwa, akagawana naye fedha zake. Macleod naye akagawana na Collip. Pia huko Romania kulikuwa na mtafiti aitwaye Nicolae Paulescu ambaye mwaka huo huo wa 1921 alikuwa amechapisha majaribio yake ya mbwa, na wengi wanaona hakutendewa haki. Banting alikuwa na miaka 31 tuzo ilipotangazwa, na hajatokea mdogo kuliko yeye katika tuzo hiyo ya udaktari.

Lakini jambo linalofanya nimheshimu ni hili. Januari 1923 haki miliki ya insulini ilikuwa mikononi mwa Banting, Best na Collip. Waliiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu. Nia yao ilikuwa dawa isishikwe na mtu mmoja akawanyonya wagonjwa. Ni huzuni kwamba miaka zaidi ya 100 baadaye bado kuna wagonjwa duniani wanaoshindwa bei ya insulini. Wale jamaa wangefufuka leo wangetuuliza maswali.

Baadaye Banting alipewa cheo cha Sir, mwaka 1934. Alioa mara mbili, ndoa ya kwanza ikavunjika. Alipenda kuchora picha za theluji na vijiji, na alisafiri mpaka kaskazini kabisa ya Kanada na rafiki yake mchoraji A. Y. Jackson. Vita Kuu ya Pili ilipokuja akarudi kwenye utafiti wa jeshi. Februari 1941 ndege iliyokuwa ikimpeleka Uingereza ilianguka Newfoundland, akafariki tarehe 21 akiwa na miaka 49.

KUTOKA MBWA MPAKA PANYA WA MARA

Sasa wadau, mbwa asiye na kongosho alitufundisha nusu tu ya hadithi. Wagonjwa wengi wa leo wana kisukari cha aina ya pili. Hao insulini wanayo, angalau mwanzoni, lakini mwili hauisikii vizuri. Mbwa wa Banting hawezi kutueleza hilo. Ndiyo maana wanasayansi wakatafuta wanyama wengine. Kuna panya wa maabara wanaozaliwa na kasoro inayowafanya wanenepe na kupata kisukari. Kuna panya wa Japani walioanza kujulikana 1980, ambao kinga ya mwili wao wenyewe inashambulia visiwa vya kongosho, kama inavyotokea kwa watoto wenye aina ya kwanza.

Waliofundisha kubwa kuhusu chakula wametoka kwetu Afrika. Miaka ya 1960 panya wa jangwani kutoka Misri walipelekwa Marekani. Kwao walikula majani ya chumvichumvi, wakawa wazima. Walipopewa chakula cha kawaida cha maabara, wengi wakanenepa na kupata kisukari. Kisha mwaka 1993 watafiti wa Marekani walikamata panya wa nyasi katika hifadhi ya Maasai Mara, Kenya, pale inapopakana na Serengeti yetu. Huyu panya anapatikana savana nyingi za Afrika. Hatembei usiku kama panya wa darini, anatembea mchana kama sisi, na mwanzoni walimtaka kwa utafiti wa usingizi. Porini anaishi kwa majani na mbegu. Kule maabara, kwa chakula laini chenye wanga mwingi, madume wengi wakapata sukari nyingi kwenye damu na mafuta kwenye ini. Walipopewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, ugonjwa ulichelewa au haukuja. Panya yule yule, damu ile ile, ila sahani imebadilika.

Sasa tuangalie binadamu. Miaka ya 1980 marehemu Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipima watu katika vijiji 6 vya Tanzania. Wenye kisukari walikuwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2012 upimaji wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1. Vipimo hivyo viwili havikufanana kwa kila kitu, mmoja ulikuwa wa vijijini tu, kwa hiyo tusilinganishe kama mizani ya dukani. Lakini mwelekeo mnauona. Kwetu Nyamahanga bibi zetu walikula ugali wa mtama, maharage, mihogo na mboga, na shamba walilifuata kwa miguu. Sisi tunapanda bodaboda kwenda kununua soda na chipsi mayai.

Na mnyama ana mipaka yake. Dawa nyingi zilizoponya panya hazikuponya watu. Panya anatuonyesha njia ya kuuliza swali, jibu la mwisho linatoka kwa binadamu aliyekubali kupimwa.

YA KUONDOKA NAYO

Mtoto anayekunywa maji bila kukoma, anakojoa kila mara, ameanza tena kukojoa kitandani na anakonda huku anakula, mpelekeni kituo cha afya apimwe sukari leo, siyo wiki ijayo. Msianze na maneno ya kurogwa. Mwenye aina ya kwanza asiache sindano hata siku moja, hata akiambiwa kuna majani yanaponya. Mwili wake uko kama wa Marjorie, bila insulini hauna mbadala.

Asiye na friji asikate tamaa. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa baridi ya nyuzi 2 hadi 8, lakini inayotumika inaweza kukaa wiki kama nne mahali pa ubaridi, na mtungi wa udongo wenye unyevu, uliofunikwa na kuwekwa kivulini, unasaidia. Isigande, na isikae juani. Muulizeni mhudumu wa kliniki yenu kuhusu aina mnayotumia. Na kwa wanaouliza kama insulini inatokana na nguruwe: zamani ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe, lakini tangu 1982 imekuwepo insulini ya binadamu inayotengenezwa na vijidudu maabara, na ndiyo iliyoenea sasa.

Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting. Kwenye ile nyumba yake ya London, Ontario, ambayo sasa ni makumbusho, kuna moto uliowashwa 1989. Umepangwa kuzimwa siku itakapopatikana tiba ya kuumaliza kabisa ugonjwa huu. Mpaka leo unawaka. Huenda atakayeuzima yuko kidato cha pili hapo Biharamulo, mwaka huu amefeli mtihani.

Maoni ruksa hapa chini. Anayeishi na kisukari atuandikie anavyoitunza insulini yake huko aliko, wengine wajifunze. Matusi hapana.